KUSHUKA NA NDEGE: SIKIA MNARA, LAKINI FANYA HESABU YAKO

(Somo la klabu ya ordinatere. Limeandikwa na kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho)



Tangu klabu ya ordinatere ipate ile programu ya kuendesha ndege, watu wanajaa ku dirisha ya sali kila Jumatano baada ya masomo. Ni vizuri. Lakini tunaona kwamba karibu wote wanajua kupanda, na wachache tu wanajua kushuka. Kupanda si kazi kubwa: unaongeza nguvu ya motere, unangoja mbio ifike, unavuta, ndege inaenda juu. Kushuka njo kazi. Na zaidi sana pale sauti ya mnara inapoanza kusema ndani ya mashini: shuka mpaka futi elfu kumi, geuka kuume, punguza mbio. Hapo mtu anashika kichwa, anafanya yote mara moja, na ndege inafika juu ya pisti ikiwa ingali mbinguni. Kisha anageukia wenzake na kusema: "Mashini njo ilisema vile!"

Mwalimu wa fizikia ameniomba niandike somo juu ya jambo hili, kwa sababu ndani yake kuko tangenti, kuko nguvu za mwendo, na kuko Kiingereza pia. Wale wa mwaka wa mwisho tunaongojea Mtihani wa Serikali tusiseme ni mchezo tu. Na ninyi wadogo wetu wa madarasa ya chini, msiogope hesabu. Ni kuzidisha kwa tatu na kwa tano, basi.

NANI ANASEMA?

Katika ndege ya kweli piloti anasema kwa redio na kontrolere, ni kusema mtu aliyefundishwa kusimamia njia za anga. Kwetu Kongo kazi hii iko chini ya Régie des voies aériennes, ile tunayoita RVA, iliyoundwa mwaka 1972. Kazi ya kwanza ya kontrolere ni kuzuia ndege zisigongane, na kuzipanga zifike moja moja ku pisti. Anajua mambo mengi ambayo piloti hayajui: nani yuko mbele, nani anapanda, pisti gani inatumiwa. Lakini piloti naye anajua mambo ambayo kontrolere hayajui: uzito wa ndege yake, namna inavyopunguza mbio, mawingu anayoona mbele ya macho yake. Kila mmoja ana nusu ya habari. Redio ni ya kuunganisha zile nusu mbili.

Katika simulateri, ni kusema programu ya kuiga urukaji, kuko namna mbili za mnara. Kuna watu wa kweli wanaojitolea kukaa mbele ya ordinatere zao na kusimamia ndege za wengine kwa intaneti; chama kinachojulikana sana ni VATSIM, kilichoanza mwaka 2001. Ila intaneti ya shule yetu munaijua. Sisi tunatumia namna ya pili: sauti ya programu yenyewe. Sauti hii haina akili. Ina masharti tu, sawa vile tunavyofundishwa katika somo la informatiki: kama ndege iko umbali huu, sema neno hili, kama imefika kimo hiki, sema neno lile. Haijui kwamba umechoka, haijui kwamba ndege ni nzito. Programu zingine zinachelewa sana kumshusha mtu, na zingine hazijali milima kama inavyofaa. Njo maana mtu anayengoja sauti ile imfikirie, atangoja sana.

HESABU YA TATU

Tunaanza na pembe. Ndege za abiria zinakaribia pisti kwa mteremko wa digrii 3. Ni mteremko mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Tangenti ya digrii 3 ni 0,0524. Ni kusema, ukienda mbele kilometa moja, unashuka mita 52 tu. Chukua kaye yako, chora pembetatu yenye upande wa chini sentimeta 19 na upande wa kusimama sentimeta 1: ile njo njia ya ndege. Wanaotumbukiza pua kama tai anayeona kifaranga, wanafanya kitu kingine.

Sasa, katika urukaji hawapimi kwa mita. Wanapima kimo kwa futi (futi moja ni sentimeta 30,48), umbali kwa maili ya bahari (mita 1.852), na mbio kwa fundo, ni kusema maili moja ya bahari kwa saa. Ku mteremko wa digrii 3, kila maili moja ya bahari inakushusha karibu futi 318. Basi kushuka futi 1.000 kunaomba maili 3,14. Mutaona namba hii inafanana na pi. Ni bahati tu, msitafute siri. Mapiloti wanaacha ile sehemu ndogo, wanasema tatu.

Kanuni ni hii: chukua futi unazotaka kupoteza, hesabu elfu zake, zidisha kwa tatu, unapata maili. Ongeza maili 10 za kupunguzia mbio.

Mfano wa hapa kwetu. Uko ku futi 35.000, unatoka Kinshasa, unakuja Lubumbashi. Pisti ya Luano ni ya 07 na 25, urefu wake mita 3.203, na udongo wa pale uko ku kimo cha karibu futi 4.300 juu ya bahari (mita 1.309). Unataka kupoteza futi 30.700. Elfu zake ni 30 na kidogo. Mara tatu ni 92. Ongeza 10, unapata maili 102. Hiyo ni karibu kilometa 189. Fikiri: pisti ingali mbali karibu kilometa mia mbili, na tayari ni saa ya kuanza kushuka! Mwanafunzi anayengoja aone mataa ya mji amekwisha kuchelewa zamani.

Hesabu ya pili ni ya tano. Zidisha mbio ya juu ya udongo, kwa fundo, mara tano. Unapata futi za kushuka kwa dakika. Ukienda fundo 420, shuka futi 2.100 kwa dakika. Mbele ya pisti, ku fundo 140, shuka futi 700 tu. Nimesema mbio ya juu ya udongo, si mbio ya ndani ya hewa: kama upepo unakusukuma nyuma kwa fundo 50, udongo unakuja upesi zaidi na unapashwa kushuka upesi zaidi. Hesabu hii inahesabu upepo bila wewe kujua.

Andika hizi namba mbili ku karatasi mbele mnara haujasema neno. Ukisikia "shuka" ukiwa umebakiza maili 110, unajua kwamba ni mapema kidogo: unaweza kushuka polepole. Ukifika maili 105 na sauti ingali kimya, ni wewe unaomba: "Tunaomba kushuka." Hakuna aibu ya kuomba. Katika programu nyingi kuna fasi ya kuomba kimo kingine, lakini watu hawaifungui kabisa, wanangoja tu.

KWA NINI NDEGE INAKATAA

Wengi wanalalamika: "Hii ndege inakataa! Nikishusha pua, mbio inapanda. Nikipunguza mbio, haishuki." Ndege haikatai. Ni fizikia inasema.

Ndege iliyo juu ina nguvu ya kimo, na ndege inayokimbia ina nguvu ya mwendo. Ukishusha pua, nguvu ya kimo inageuka kuwa ya mwendo, sawa vile kinga linalotelemka kilima. Ili zote mbili zipungue pamoja, hewa inapashwa kuzikula, na hewa inakula polepole, kwani mafundi walijenga ndege ili hewa isiisumbue.

Tupime. Unataka kupunguza kutoka fundo 250 (mita 128,6 kwa sekunde) mpaka fundo 140 (mita 72 kwa sekunde). Chukua mraba wa ya kwanza, toa mraba wa ya pili, gawa kwa mara mbili ya 9,81. Unapata mita 578, ni kusema futi 1.900. Uzito umekwisha kutoka katika hesabu, kwa hiyo ni sawa kwa ndege ndogo na kubwa. Maana yake: kupunguza ile mbio tu ni kazi sawa na kushuka futi 1.900 zingine. Zile maili 10 tulizoongeza hapo juu si za mapambo, ni za deni hili.

SAKAFU YAKO NI WAPI?

Hapa njo ninaomba musome polepole.

Altimetri, chombo cha kupima kimo, hakijui udongo. Kinapima nguvu ya hewa na kusema kimo juu ya bahari. Futi 3.000 ku Kinshasa ni kimo kizuri: uwanja wa N'Djili uko ku futi 1.027, basi uko karibu futi 2.000 juu ya manyumba. Lakini futi 3.000 ku Luano ni ndani ya udongo, chini kabisa, kuliko kisima chochote cha mji huu. Kwa hiyo mtu aliyejizoeza kushuka ku Kinshasa na kushika namba zake kwa moyo, atazika ndege akija kwetu. Kila uwanja una sakafu yake. Iandike ya kwanza juu ya karatasi, na uizungushie duara.

Hata hivyo altimetri inaomba kurekebishwa. Juu sana, mapiloti wote wanaiweka ku 1013, ili ndege zote zipime sawasawa. Wakishuka, mnara unawapa namba ya hewa ya pale, inayoitwa QNH, na wanaiweka. Kila namba moja ni karibu futi 28. Kama QNH ya leo ni 1003 na wewe ungali ku 1013, altimetri inakudanganya kwa futi 280: inasema uko juu kuliko ulivyo. Usiku ao ndani ya wingu, futi 280 zinaweza kuwa mti.

Wazee wa Katanga wanakumbuka usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. DC-6 iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilitoka Léopoldville kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, ili akutane na Moïse Tshombe juu ya kusimamisha vita. Mnara wa Ndola uliwapa QNH 1021, ukawaomba wajulishe watakapofika futi 6.000. Hawakujulisha. Ndege ilipatikana porini, karibu kilometa 15 kutoka uwanja. Watu wote 16 walikufa, mmoja kati yao siku chache nyuma, ku hospitali. Sababu inabishaniwa mpaka leo, na Umoja wa Mataifa ulifungua tena uchunguzi katika miaka ya 2010. Mimi sisemi ni kosa la piloti. Ninataka tu muone namba: udongo wa Ndola uko juu ya futi 4.100. Futi 6.000, inayosikika kama kimo kikubwa, ilikuwa chini ya futi 2.000 juu ya miti.

RUHUSA YA KUKARIBIA SI AMRI YA KUSHUKA

Kuna neno moja la mnara linalochanganya watu kuliko yote. Ni pale linaposema kwamba umeruhusiwa kukaribia pisti fulani. Mwanafunzi anasikia "umeruhusiwa", anafikiri: sasa njia ni wazi, nishuke mpaka ile namba ya mwisho ya karatasi. Hapana. Tangu zamani neno hili liliua.

Siku ya Mungu, tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya kampuni TWA, namba 514, ilikuwa inaenda Washington, mji mkuu wa Marekani. Upepo ulikuwa mkali sana, wakaelekezwa uwanja mwingine, Dulles. Mawingu yalifunika milima. Walipokuwa wangali maili 44 kutoka uwanja, kontrolere aliwaruhusu kukaribia pisti 12. Hakuwapa kimo. Ku karatasi ya piloti kulikuwa namba ya futi 1.800, lakini namba ile ilikuwa ya sehemu ya karibu na uwanja, baada ya kuvuka milima. Mapiloti walifikiri: kama ametuachilia, maana yake ameona kwamba mbele ni salama. Kontrolere alifikiri: nimewaachilia, kimo ni kazi yao. Wakashuka mpaka karibu futi 1.800, upepo ukiwatikisa. Walipiga mlima unaoitwa Mount Weather, ku kimo cha karibu futi 1.670, wangali maili 25 kutoka pisti. Abiria 85 na wafanyakazi 7. Hakuna aliyepona.

Muangalie vizuri jambo hili. Hapakuwa mjinga ndani ya ile ndege, wala mbele ya radari. Kila mmoja aliweka mzigo wa mlima mikononi mwa mwenzake, na mlima haukubebwa na mtu. Hata wachunguzi wa Serikali waligawanyika: watatu walisema kosa kubwa ni la mapiloti kushuka mapema, wawili walitia kosa zaidi upande wa kontrolere na maneno yasiyoeleweka.

Kulikuwa jambo lingine la huzuni. Ilijulikana baadaye kwamba majuma sita mbele ya pale, ndege ya kampuni nyingine ilifanya vile vile, fasi ile ile, ikaponea kidogo. Mapiloti wake walisema ndani ya kampuni yao. Wenzao wa kampuni zingine hawakusikia. Kwa ajili ya hiyo Marekani ilianza mwaka 1976 mpango ambamo piloti ao kontrolere anaandika jambo la hatari aliloona, na barua ile inasomwa na NASA, si na mkubwa wake wa kazi. Tena ndege kubwa za abiria ziliamriwa kubeba chombo kinacholia udongo unapokuwa karibu. Na sheria iliandikwa wazi: ukiruhusiwa kukaribia, unashika kimo cha mwisho ulichopewa mpaka uingie ku njia iliyoandikwa katika karatasi, kutoka pale unafuata vimo vya karatasi, kimoja kimoja.

Basi katika simulateri, sauti ikisema umeruhusiwa, mkono wako usiende mbio ku kifungo. Uliza maswali mawili: Niko ndani ya njia ya karatasi, ao ningali inje? Na sehemu hii ninayopita sasa, sakafu yake ni ngapi? Kama uko inje, baki pale ulipo.

KURUDILIA

Piloti hasemi "ndiyo" tu. Anarudilia namba: kimo, upande wa kuelekea, mbio, QNH, pisti. Wengine katika klabu wanaona haya kusema peke yao na mashini, wanafinya kifungo cha kujibu na kuendelea. Ni kupoteza nusu ya somo. Rudilia kwa sauti, na uandike namba ukiisema.

Sisi wenye kusoma kwa Kifaransa tuna sababu ya kuangalia zaidi, kwa kuwa Kiingereza kina mitego. Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Kontrolere alitaka washuke mpaka futi 2.400, lakini alisema tarakimu moja moja: mbili, nne, zero, zero. Kwa Kiingereza "two", ni kusema mbili, inasikika sawa na "to", ni kusema mpaka. Mapiloti wakasikia: shuka mpaka nne, zero, zero. Wakarudilia futi 400, na kontrolere hakusikia kosa. Ndege ikapiga kilima, watu wanne waliokuwa ndani wakafa. Njo maana inapashwa kusemwa "elfu mbili na mia nne", isichanganye. Na hapa tena, yule mwenye kuzungusha duara juu ya sakafu yake angeshtuka: futi 400 katika inchi ya vilima?

NENO LA KUSEMA UKIWA UMECHELEWESHWA

Tuseme programu imekuacha juu. Uko ku futi 18.000, na maili 25 tu zimebaki mpaka Luano. Sasa sauti inasema: shuka. Fanya hesabu: unapashwa kupoteza futi 13.700, mara tatu ni maili 41, na 10 za mbio, ni 51. Una 25. Ukilazimisha, mteremko wako unapita digrii 5. Ndege inaweza kutumbukia vile, lakini haitapunguza mbio, na ile deni ya futi 1.900 itakungoja ku pisti.

Katika sali hapa ndipo kelele inaanza. Huyu anapaza sauti, "Shusha magurudumu!" yule, "Fungua freni za mabawa!" Vitu vile vinasaidia, ndiyo, kama umekosa maili tano ao nane. Freni za mabawa zinatumiwa mapema, ukiwa na mbio nyingi, kwa kuwa hewa inazisukuma vizuri. Magurudumu yanavuta sana, lakini yana mbio yao isiyopashwa kupitwa. Kwa maili 26 zilizokosekana, hakuna dawa ndani ya ndege. Dawa iko ku redio: "Hatuwezi. Tunaomba mzunguko."

Neno "hatuwezi" ni neno rasmi katika urukaji wa dunia yote. Si utovu wa adabu. Sisi tuliolelewa vizuri tunaona vigumu kumwambia mkubwa kwamba agizo lake halifai, na hata mbele ya mashini wengine wanatii kama mtoto mbele ya Bwana Prefe. Lakini kontrolere wa kweli anapenda kusikia "hatuwezi" ukiwa na maili 25, kuliko kukuona juu ya pisti ku futi 3.000 ukikimbia fundo 250. Atakuzungusha, atapitisha mwingine mbele, basi. Kama programu haina kifungo cha mzunguko, fanya maneno mengine: kataa kukaribia, omba kuanza upya, ao ufute mpango na uende kwa macho kama hewa ni wazi.

Kuna mwisho mmoja usiobishaniwa. Ukifika futi 1.000 juu ya pisti (ku Luano ni 5.300 ya altimetri), ndege inapashwa kuwa tayari: magurudumu chini, mbio ya kutua, mteremko mzuri, pisti mbele. Kama kimoja hakiko, ongeza nguvu, panda, uanze tena. Kompani nyingi za ndege zinaomba hivyo kwa mapiloti wao. Na kwa njia: ukitumia mawimbi ya redio yanayoonyesha mteremko, yashike kutoka chini, si kutoka juu. Kwa juu kuna mteremko wa uongo, karibu digrii 9, na chombo kinaufuata kwa furaha.

MCHEZO WA MIGONGO

Ordinatere ni tatu, wanafunzi ni wengi, na moto wa umeme unajua kazi yake. Kwa hiyo klabu imeanza mazoezi yasiyoomba mashini. Hata shule za makontrolere zinafanya karibu vile: mwanafunzi anakaa mbele ya radari ya kuiga, na watu wengine katika chumba kingine wanajifanya mapiloti wa ndege zisizokuwako.

Wawili wanakaa viti, mgongo kwa mgongo. Mmoja ni mnara: ana karatasi iliyochorwa pisti na miduara ya maili 10, 20, 30 mpaka 100. Mwingine ni piloti: ana kaye, kreyo, na sakafu yake imeandikwa. Watatu anashika saa. Kila dakika anasogeza ndege, ni kusema jiwe dogo, maili 5 ku karatasi ya mnara, na kumnong'oneza piloti maili zilizobaki. Mnara unaruhusiwa kutoa kwa makusudi agizo moja baya. Ni hivi:

— Simba kumi na mbili, shuka mpaka futi elfu kumi, QNH moja, zero, moja, saba.
— Tunashuka mpaka futi elfu kumi, QNH moja, zero, moja, saba, Simba kumi na mbili.
— Simba kumi na mbili, shuka mpaka futi elfu nne, pisti zero saba.
— Hatuwezi, Simba kumi na mbili. Tunabaki ku elfu kumi. Rudilia kimo.

Kama piloti ameandika "4.000" bila kusimama, jiwe linatoka ku karatasi na wengine wanaingia. Wasichana wa darasa la tano wameshinda mara nyingi mpaka sasa, kwa sababu wanaandika mbele ya kujibu. Wavulana wanajibu mbele ya kuandika. Ninasema vile nilivyoona.

Mazoezi kwa wale wanaotaka:

Uko ku futi 31.000, unaenda N'Djili, sakafu tuihesabu futi 1.000. Utaanza kushuka ku maili ngapi, na hiyo ni kilometa ngapi?

Mbio yako juu ya udongo ni fundo 360. Utashuka futi ngapi kwa dakika? Na kama upepo wa mbele wa fundo 40 unaanza kukupiga, namba itakuwa ngapi?

Uko maili 30 kutoka Luano, ku futi 12.000, mbio fundo 250. Mnara unasema: umeruhusiwa kukaribia pisti 07. Karatasi yako inaonyesha kwamba utaingia ku njia iliyoandikwa ukiwa maili 12 tu. Andika maneno utakayojibu, na kimo utakachoshika mpaka pale, na useme kama maili zinatosha.

Majibu yawekwe ku sanduku ya bulletin, karibu na mlango wa sekretari, mbele ya Ijumaa saa sita. Mwalimu wa fizikia atayaangalia, na zile hesabu nzuri zitapigwa katika toleo linalofuata. Andikeni jina na darasa, na onyesheni hesabu yote. Namba ya mwisho peke yake haitapokelewa.